Matone ya Ma Anatolia

Ma Rosalina mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimepona lakini kupona kwenyewe kumeniletea balaa. Nilishikwa na sinusi, uso unauma, pua inatoa usaha wa kijani unaonuka mpaka kanisani watu wananikalia mbali, na mama mkwe wangu, Ma Anatolia, anayenipenda kama amenizaa, kila jioni akawa ananitilia puani omubirizi, yale majani machungu, ameyakamulia kwenye maji ya pipa la mvua, na mimi kwa heshima nainua kichwa tu. Dawa za duka la dawa hazikusaidia, nikajisemea hii ni saratani, nikawaza nani atanilelea wanangu. Mume wangu akanipeleka hospitali, wakachukua usaha wakauotesha maabara, daktari akasema, "Mama, si saratani. Ni bakteria wa maji yaliyotuama, si kawaida kuwakuta kwenye sinusi, ndiyo maana dawa zile hazikuwaweza. Unatia nini puani?" Nikamweleza, akashika kichwa. Mimi nililia kwa furaha! Wakanibadilishia dawa, nafuu ikaja. Sasa Ma Anatolia anatangaza kijiji kizima kwamba matone yake yameniponya, nami naitikia "ndiyo mama", na Jumamosi wifi yangu Stellah anakuja na mwanawe mchanga mwenye mafua, na bakuli la matone linamsubiri. Nikisema ukweli nitamuumiza mama. Nifanyeje?

Violeth, Izimbya

Violeth,

Mawe, mama yangu! Gazeti lisingekufikia kabla ya Jumamosi, ndiyo maana nilikupigia simu na kukufokea. Nakufokea tena hapa, wenzako wasikie. Unamwonea haya mtu mzima, halafu kichanga ndicho kilipie? Heshima gani hiyo?

Nashukuru ulinisikia. Ulimwita mama jikoni, mkiwa wawili tu, ukamweleza maneno ya daktari. Ukaniambia alimwaga pipa lote kwenye migomba, na Jumamosi yeye mwenyewe ndiye aliyembeba mjukuu wake kwenda kliniki. Nilicheka peke yangu kwa raha.

Lakini kabla ya hapo alikuuliza, "Na wewe ulikuwa unainua kichwa tu?" Basi nenda ukamwombe radhi, maana ulimwacha akudhuru bila kujua. Dawa zako zimalize hata ukijiona mzima, na puani usitie chochote ambacho daktari hajakupa. Siku nyingine akikuinamia na bakuli, sema.