Mguu wa Mama Buya

Garsen, Tana River

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Kifua kimepoa, au baridi ya Wundanyi bado inakukoholesha? Na goti la Baba linamruhusu kufika shambani? Mimi ni mzima wa mwili. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ungesikia sauti yangu ikitetemeka, ukampa Baba simu, naye angesema nipande gari nirudi. Soma mwenyewe hadi mwisho kwanza, ndipo umsomee.

Najua wenzako kanisani bado wanakuuliza kama mimi ni daktari au mwalimu, nawe unawajibu vyote viwili. Waambie kuna chama cha watu waliosomea biolojia, wengine wa vyuo, wengine wa maabara, wengine walimu wa sekondari. Hawataki elimu ya viumbe iishie kwenye karatasi ya mtihani. Ndiyo maana wanatutuma mashuleni na kwenye baraza za machifu, tuzungumze mambo ambayo watu wanaishi nayo: mbu, konokono wa kichocho, maji ya kunywa, mamba. Mimi nilipewa Garsen na vijiji vya mtoni.

Mwaka huu mto ulifurika, na nyoka wakahamia palipoinuka, yaani majumbani mwa watu. Basi nikaambiwa nifundishe habari za nyoka. Mama, wewe unanijua mimi na nyoka. Nilisimama kijijini Golbanti mbele ya baraza nikionyesha picha ya bafe, yule mnene mfupi anayelala kama kipande cha gogo wala hakimbii ukimkaribia, na hata picha yenyewe sikutaka kuishika katikati. Niliwaambia yaliyo kwenye kijitabu cha chama: aliyeumwa asichanjwe, asifyonzwe, asifungwe kamba ya kukaza. Avuliwe pete na bangili, mguu utulizwe, apelekwe hospitali upesi.

Mkulima mmoja wa mpunga, jina lake Komora, aliinua mkono. Akaniuliza kama nimewahi kumwona mtu aliyeumwa. Nikasema sijawahi. Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Mkewe, Mama Buya, anayepikia watoto wa shule ya msingi pale, alinipa uji baadaye, akaniambia nisimjali mumewe, kwani hata mhubiri huulizwa naye hivyo hivyo.

Wiki iliyofuata nilikuwa na wanafunzi wa klabu ya biolojia pale shuleni, tuliposikia ukelele jikoni. Mama Buya alikuwa amekwenda kuvuta kuni, na bafe alikuwa chini ya kuni. Alimuuma juu kidogo ya kifundo cha mguu. Nilipofika alikuwa ameketi chini, anautazama mguu wake kama wa mtu mwingine. Mwalimu mkuu alikwisha kumuua nyoka kwa jembe. Mimi sikuthubutu kuingia, Mama. Nilishika mlango.

Komora alikuja mbio kutoka shambani pamoja na mdogo wake, Maro. Komora alikuwa na jiwe jeusi la kunyonya sumu ambalo baba yake alimwachia, na kipande cha mpira wa baiskeli cha kufungia. Nikamwambia asifunge, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Hakunitazama. Alishaanza kuuzungusha mpira chini ya goti, ndipo mkewe akamshika mkono.

"Komora, wacha," akasema. "Mwalimu alisema."

Maneno hayo yaliniogopesha kuliko yule nyoka. Mtu alikuwa ameweka uhai wake juu ya maneno yangu, na mimi nilikuwa nimeyatoa kitabuni. Komora akaacha. Maro akanisogelea karibu kabisa.

"Sawa," akasema. "Lakini akifa, mwalimu, ni wewe."

Tulimvua bangili ya mguu, tukaufunga mguu kwa leso kwenye rula kubwa ya ubaoni ili usitikisike. Barabara ilikuwa tope tupu, hakuna gari wala pikipiki inayopita, kwa hiyo tulimbeba hadi kwenye mtumbwi tuvuke maji yaliyobaki mashambani. Mwalimu mkuu akabaki kupiga simu Tarasaa aombe gari litungoje ng'ambo.

Katikati ya maji kiboko aliibuka mbele yetu. Tuliona masikio, kisha macho. Komora akaacha kusukuma upondo. Mguu wa Mama Buya ulikuwa mapajani mwangu, nao ulikuwa ukivimba huku nikiuona, ngozi inang'aa, na joto lake linapita kwenye nguo yangu. Alitapika kimyakimya kando ya mtumbwi. Nilitaka kuomba, nikasahau hata Baba Yetu inaanzaje. Kiboko akazama, na hapo ndipo hofu ilizidi, kwa sababu hatukujua yuko wapi. Komora alisukuma polepole kama anayepita karibu na mtoto aliyelala.

Tulivuka. Gari lilikuwepo. Zahanati ya kwanza haikuwa na dawa ya sumu ya nyoka, tukaendelea na safari upande wa Malindi hadi hospitali iliyokuwa nayo. Walimpeleka ndani wakafunga mlango. Daktari alinisikiliza nilipoeleza, akaandika, hakuniambia kama tumefanya vema au vibaya.

Nikampigia mratibu wa chama Nairobi. Swali lake la kwanza lilikuwa kama familia inajua kwamba ushauri ulitoka kwa chama. Nikasema mtu mzima yeyote Golbanti anajua. Akanishauri nirudi Garsen bila kuaga, nisikae na wale jamaa, nisiseme zaidi. Nilitazama benchi. Komora alikuwa ameinamisha kichwa, jiwe lake bado mkononi. Niliogopa kukaa, nikaogopa zaidi kuondoka. Nikakaa. Maro aliinuka, akahamia upande wangu, akawa kati yangu na mlango. Tulikaa hivyo hadi jioni, na kila muuguzi alipotokea sote watatu tuliinuka.

Mama, hakufa. Kesho yake uvimbe uliacha kupanda. Baadaye ngozi ilitoka, nyama kidogo ikaoza ikakatwa, na sasa anatembea kwa fimbo. Daktari anasema mguu atabaki nao. Siku ya kumrudisha nyumbani, Komora aliniambia, "Siku ile sikukuamini wewe. Nilimwamini mke wangu." Maro alinibebea mkoba.

Yule mratibu sasa amefurahi. Anataka picha ya mguu kwa ajili ya bango la kubandikwa mashuleni. Nilipompelekea Mama Buya habari, alikataa. Akasema picha haiulizwi swali, na yeye atakuja barazani mwenyewe, watu wauone mguu na wamuulize.

Baraza ni Jumamosi, Tarasaa. Siwezi kula, Mama. Zamani niliogopa kwamba hawatanisikiliza. Sasa watanisikiliza. Ataumwa mtu mbali zaidi, mahali simu haishiki, naye atakataa kufungwa kwa sababu mwalimu alisema, halafu atasubiri gari ambalo halipo. Komora ameliona hilo kabla yangu. Jana alinijia akaniuliza taratibu, "Na kama hakuna gari, mwalimu?" Nimewaandikia chama kwamba badala ya mabango watusaidie kuomba serikali dawa iwekwe kwenye zahanati za karibu, na boti ya injini iwepo wakati wa mafuriko. Wamesema watalizungumza.

Nimemwomba Komora aniulize swali lile lile la gari Jumamosi, mbele ya chifu, kwa sauti ya juu, nami nitasema mbele ya wote kwamba sijui. Niombee nisimame wima wakati huo.

Msalimu Baba, na kaka yangu mkubwa na mkewe. Shangazi wa pale kanisani mwambie dawa ya macho nitamtafutia. Bibi mpigie magoti kwa niaba yangu. Wadogo zangu wavae viatu wakienda kuokota kuni, na waguse kuni kwa fimbo kwanza.

Ni mimi binti yako anayekukumbuka,
Mghoi