Sisi Hatuna Mtoto wa Kurudi-rudi

Jumatatu, 4 Agosti

Wamebadilisha tena! Sheria za viza za wanafunzi, za huko huko anakokwenda Injinia. Injinia ni mpwa wangu, binti wa dada. Hajawa injinia bado, ila nimeanza kumwita mapema ili azoee. Amepata chuo cha kusomea ujenzi wa madaraja. Barua ya chuo ipo, vipimo vya kifua tayari, kila kitu safi. Leo kaja karakana kwangu amenuna, simu mkononi. Fomu tulizojaza mwezi uliopita hazifai tena, kuna mpya. Picha nazo zipigwe upya, masikio yaonekane. Masikio! Anakwenda kusoma au kusikiliza?

Nikamwambia asihofu, mambo ya mipaka nayajua. Ule mwaka niliopeleka makochi kwa balozi, ofisa wa mpakani alinisumbua, tukabishana, mwisho akainuka akanipa kiti chake. Yeye akabaki amesimama! Injinia akasema mara ya mwisho nilipoisimulia kilikuwa stuli. Mtoto huyu anasikiliza kwa nia mbaya.

Jumatano, 6 Agosti

Nyingine hii! Kurasa zake zote za mtandaoni ziwe wazi, wazisome kwanza. Dada kakasirika kuliko mimi. Mle kuna picha yake amelala kwenye kochi mdomo wazi, Injinia aliiweka kwa utani. "Yaani serikali ya watu inione nakoroma!" Nikamtuliza, nikamwambia kochi lenyewe nimelitengeneza mimi, angalau wataona kazi. Akanirushia kitambaa cha vyombo.

Chuo kinafungua mwezi ujao. Wakala anayetushughulikia anasema Injinia akichelewa, nafasi anapewa mwingine na yeye anaanza moja. Huyu wakala naye! Kila ukimuuliza anajibu "inategemea". Inategemea nini? Inategemea.

Ijumaa, 8 Agosti

Sheria nyingine. Nimeacha kuhesabu. Sasa mdhamini naye atapigiwa simu ahojiwe. Mdhamini ni mimi. Hapo wamefika kwa mwenyewe!

Dada kaniambia: "Jibu ulichoulizwa, halafu unyamaze. Usianze mambo yako."

Mambo gani? Hakusema.

Jumatatu, 11 Agosti

Wamepiga!

Nilikuwa chini ya kochi la watu watatu, misumari mdomoni. Nikaitema, nikajiweka sawa. Mwanamume, mpole, Kiswahili safi kabisa. Akauliza kazi yangu. Nikamwambia nina kiwanda cha samani. (Kitakuwa kiwanda, ni suala la muda tu.) Akauliza Injinia ni mtu wa namna gani. Hapo nikatulia kabisa. Mtu akiulizia binti wa kwetu, najua anachotaka kusikia. Dada zake wakubwa wote wameolewa, msemaji nilikuwa mimi, na hakuna posa iliyowahi kuharibika mdomoni mwangu. Nikamsifia. Mtulivu, ana akili kushinda walimu wake, akiwa darasa la tatu alishamrekebisha mkaguzi wa shule mbele ya watu na mkaguzi akaomba radhi.

Akauliza: "Na akimaliza masomo, mzee wangu, atarudi nyumbani?"

Nikacheka. Arudi kufanya nini! Nikamwambia sisi hatuna mtoto wa kurudi-rudi. Huyu akishaingia kwenu ameingia, hata mkimfukuza haondoki.

Akanishukuru sana. Nilimsikia anabonyeza bonyeza, anaandika kila neno.

Dada akauliza imekuwaje. Nikamwambia kazi imekwisha, aanze kukunja nguo.

Jumatano, 13 Agosti

Viza imezuiwa.

Eti mwombaji hajathibitisha nia ya kurudi kwao baada ya masomo. Injinia kanisomea kwenye simu mara mbili, sauti kavu. Kisha: "Mjomba, uliwaambia nini?" Nikamweleza neno kwa neno, sina cha kuficha, nilimsifia! Dada akakaa chini hapo hapo sakafuni. Tukampigia wakala. Akasema, "Mzee, wale si wakwe."

Kwa mara ya kwanza hakusema inategemea.

Lakini na mimi niulize. Ni watu gani hawa? Unaletewa mtoto mwenye akili, unamfundisha madaraja mpaka anaiva, halafu furaha yako ni kuona mgongo wake? Na mimi ningejuaje kwamba kumsema vibaya ndiyo kumsaidia? Wangeandika kwenye hizo fomu zao. Masikio wameyakumbuka, hili wamelisahau!

Imebaki nafasi moja. Ijumaa twende wote wawili, mimi na Injinia, tuhojiwe uso kwa uso. Dada haongei na mimi. Anaongea na masufuria, na masufuria yameshajua mengi kunihusu.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika nikiwa kwenye benchi, ofisini kwao. Benchi lenyewe sponji imekufa, pini zimechomoza. Watu wakali kwa masikio, angalia wanachokalia.

Tumeshaingia mara moja. Mwanamke wa miwani, hacheki. Injinia kajibu maswali yake vizuri, nikaanza kupoa. Likaja langu, lile lile. Nikajibu nilivyofundishwa njia nzima: "Atarudi." Basi. Sikuongeza hata chumvi.

Akauliza: "Kwa nini arudi?"

Jamani! Mimi ambaye nimewahi kumwongelesha askari wa usiku mpaka akasahau kunikamata, nikakosa neno. Akatuambia tusubiri nje, anaongea na mkubwa wake.

Hapa nje ndipo majibu yanamiminika, tena mazuri! Tumemjengea ofisi ya ghorofa. Idara ya barabara wamemwekea meza. Ana mchumba, rubani. Nikamnong'oneza la rubani.

"Mjomba, huyo rubani watampigia simu."

"Sasa niwaambie nini? Nisaidie basi, Injinia."

"Wao wanakuuliza wewe. Wewe unawajibu wao. Wote mnajua kama narudi au sirudi." Akatabasamu kidogo, lile tabasamu la mama yake akiwa amechoka. "Mimi hamjaniuliza."

Nikataka kumjibu kwamba hayo si ya kuulizwa kwenye benchi la watu. Nikaona bora nimuulize tu. Polepole, kwa sauti ambayo huwa siitumii. Utarudi?

Ameninyooshea kola ya shati, na kola haikuwa na shida yoyote.

Mlango unafunguliwa.