Mwendo wa Mtu Kuingia Rubona

KITUO CHA POLISI, GISENYI
MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu kifo cha Mukankusi, muuza viazi, majini mbele ya gati la Rubona

Jina: Twagirimana Anastase
Umri: miaka ishirini na miwili
Kazi: karani wa Bwana Faradji bin Selemani, mfanyabiashara
Makazi: chumba cha uani, nyumbani kwa Bwana Faradji, mtaa wa Waswahili, Gisenyi. Kwao ni Kanzenze.
Yamechukuliwa Jumatatu, tarehe 11 Juni 1956, saa tatu asubuhi, na Sajini Ntawukuriryayo.

Nimeelezwa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimeelewa. Naomba iandikwe kwamba Bwana Faradji ndiye aliyenileta hapa kwa gari lake, na kwamba sasa ameketi kwenye benchi chini ya dirisha hili. Sajini amefunga dirisha. Nashukuru.

Mnamo Jumamosi tarehe 9 Juni 1956 nilikuwa ndani ya motaboti ya Bwana Faradji, tukitoka upande wa kusini na magunia ya maharage na ngozi za ng'ombe. Kazi yangu ilikuwa kusimamia mizigo. Aliyeshika usukani ni Bwana Faradji mwenyewe. Huwa anavaa kofia nyeupe yenye nanga mbele na kutaka tumwite kapiteni. Hakuna aliyempa cheo hicho. Kofia aliinunua Usumbura. Pamoja nasi alikuwapo mgeni wake, mfanyabiashara wa Goma, ambaye alikuwa anafikiria kuinunua motaboti hiyo. Sikuambiwa jina lake. Alikaa kwenye kiti cha mbao chenye mto, sisi wengine juu ya magunia.

Sajini anaijua amri ya bandari, lakini ameniambia niieleze. Kuanzia kwenye jiwe kubwa lililopakwa chokaa hadi gatini Rubona, kila chombo chenye injini lazima kiende kwa mwendo wa mtu anayetembea. Sababu ni mitumbwi. Hapo ndipo mitumbwi inapokatiza ikienda sokoni, na ufuko ni wa mawe, kwa hiyo wimbi likipiga mawe linarudi tena majini.

Motaboti yetu haina kifaa cha kuonyesha mwendo. Motaboti nyingine zinazofika Rubona hazina pia. Lakini njia ya miguu inafuata ufuko kwa karibu kutoka kwenye lile jiwe mpaka gatini, na waendeshaji wana desturi wanayoiita kushika mutu. Wanamtafuta mtu anayetembea njiani, wanajiweka sambamba naye, na kubaki hivyo hadi gatini. Akisimama kutoa mwiba mguuni, wanamshika mwingine. Ni kipimo kizuri kwa mtu mwaminifu.

Tulifika kwenye jiwe la chokaa muda mfupi baada ya saa nne asubuhi. Bwana Faradji alipunguza injini na kumshika mama mmoja aliyebeba mtungi wa pombe ya ndizi kichwani. Mama huyo alitembea vizuri, mikono yake yote miwili ikiwa huru. Tukawa sambamba naye. Maji yalikuwa shwari nyuma yetu.

Mgeni wa Goma hakufurahi. Alipiga miayo mara mbili, kisha akasema, "Faradji, hii motere yako iko mugonjwa? Nilizani nakuja kununua boti, kumbe unaniuzia kitanda."

Bwana Faradji akasema, "Ni sheria ya hapa, ndugu yangu. Iko na nguvu, utaona."

"Nitaona lini? Huyu mama atatufikisha Krismasi."

Bwana Faradji akaanza kuangalia njiani, mbele na nyuma, kama mtu anayechagua nyama buchani. Alimruka mzee mwenye mbuzi. Aliwaruka wasichana wawili wenye kuni. Ndipo kutoka kwenye migomba nyuma yetu wakatokea watu wanne wamebeba ingobyi, ile machela ya kusuka inayobebwa mabegani. Ndani yake alilala mgonjwa aliyefunikwa blanketi. Nyuma yao alifuata mwanamke mwenye furushi kichwani. Baadaye nilijua kwamba ni Mukamusoni, mama wa mgonjwa, na kwamba walikuwa wanampeleka binti yake hospitali, Gisenyi.

Wabebaji walimpita yule mama wa mtungi kana kwamba amesimama. Bwana Faradji akasema, "Bon. Nimepata watu yangu." Akasukuma kishikio cha injini.

Nilimwambia, "Bwana, hao wamebeba mgonjwa."

Akajibu bila kunitazama, "Na yule mama hakubeba mutungi? Sheria inakataza mutu kubeba?"

Nikamwambia, "Wanakimbia, Bwana."

Akasema, "We karani, hawa iko na miguu ao iko na magurudumu? Iko na miguu. Basi. Mapadri walikufundisha kalamu, kutembea hawakukufundisha. Kaa."

Mgeni alicheka sana. Nilikaa.

Sajini ameniuliza nilijuaje kwamba wanakimbia, kwa kuwa wabebaji wenyewe wameeleza hapa kituoni kwamba walitembea. Nilimwangalia Mukamusoni. Kwanza alikuwa na furushi kichwani na mikono huru, kama wanawake wote wanavyotembea kwetu. Kisha akaweka mkono mmoja juu kulishika. Kisha mikono miwili. Kisha akaliteremsha, akalikumbatia kifuani, akakimbia nalo, na bado alikuwa anaachwa. Mwanamke wa Rwanda hateremshi furushi kichwani kwa sababu ya kutembea.

Jambo jingine. Wabebaji walipoona motaboti iko sambamba nao, walianza kuimba. Wa mbele alitutazama na kutucheka. Nadhani walifurahi kushindana na injini. Wakaongeza. Bwana Faradji naye, akiwa na mgeni pembeni yake, hakukubali kuachwa na watu wenye mzigo. Akaongeza. Kuanzia hapo sijui nani alikuwa kipimo cha nani. Mgeni akasema, "Sasa hii ni boti." Bwana Faradji akainyoosha kofia yake.

Nilitazama nyuma. Wimbi letu lilikuwa limeinuka kufika kiunoni mwa mtu, likifika kwenye mawe na kurudi.

Karibu na gati tuliukuta mtumbwi wa Sebahire. Ulikuwa na yeye mwenyewe, wanawake wawili, na viazi vitamu vya sokoni. Haukuwa umejaa kupita kiasi. Ubavu wake ulionekana juu ya maji kiasi cha shubiri moja na nusu, na nilikuwa karibu kutosha kuuona. Haukukatiza mbele yetu. Ulikuwa kati yetu na mawe, ukisubiri tupite, kama inavyopaswa. Sebahire alisimama, akanyanyua kasia, akaita, "Polepole, ba patron. Polepole, tuko na ba mama humu."

Bwana Faradji alimwonyesha wabebaji kwa kidole akasema, "Uliza hawa."

Hayo ndiyo maneno yake. Tulipita. Wimbi la kwanza liliuinua mtumbwi, na Sebahire akaugeuza ulielekee. Lilirudi kutoka kwenye mawe likaupiga kwa nyuma, na huko hakuwa na uwezo wa kufanya lolote. Mtumbwi ulijaa mara moja. Mwanamke mmoja alishika ukingo. Wa pili, Mukankusi, alianguka upande wa mawe. Sebahire aliruka akamfuata. Alimtoa, lakini ilichukua muda, kwa sababu mtumbwi ulikuwa umewalalia wote wawili. Mukankusi hakuamka.

Bwana Faradji alifunga kamba gatini kwanza. Kisha akawageukia watu waliokuwa wanakuja mbio akasema, "Mumeona wote. Tulikuja kwa mwendo wa miguu." Alisema hivyo kabla Mukankusi hajalazwa chini. Sebahire alikuwa bado majini mpaka kifuani, amembeba.

Mgeni wa Goma aliomba maji ya kunawa, akaondoka kwa gari. Sijui kama ataununua ule upuuzi. Naomba neno hilo lifutwe na liandikwe motaboti. Sajini amesema kilichosemwa kimesemwa.

Jana Jumapili, baada ya magharibi, Bwana Faradji aliniita dukani. Alikuwa anakula. Aliniambia, "Wabebaji wane wamesema kwa polisi: tulitembea, na boti ilikuwa pamoja na sisi. We utakuwa wa tano. Sikuambii udanganye. Kudanganya ni zambi, kwenu na kwetu. Utasema tu: boti ilikuwa sawasawa na watu wa miguu. Si ni kweli?"

Nilijibu kwamba ni kweli.

"Basi. Sebahire ni mutu wa mutumbwi. Watu wa mutumbwi wanajaza viazi, wanazama, wanalia. Kila mwaka ni vile. Atafungwa kidogo, atarudi, atazama tena."

Nilimwuliza kama anajua kwamba Sebahire ana watoto. Akasema, "Na ile chumba unalala, iko mutu mwingine anaitaka. Tunajua wote mambo ya wengine." Kisha akanipa kipande cha mkate na kuniambia nikapumzike, nisije nikaonekana nimechoka mbele ya polisi.

Usiku sikulala. Nilifikiria maneno yake na sikuona uongo ndani yake hata mmoja. Motaboti ilikuwa sawasawa na watu wa miguu. Wabebaji nao hawakudanganya. Nataka hilo lieleweke, maana ni majirani wa watu na wana heshima yao. Kwa mbebaji wa ingobyi, kusema kwamba alikimbia ni kukiri kwamba alimtikisa mgonjwa. Watu watamcheka, na nani atambebesha tena? Wenzake watamtoza pombe. Hata akifika huku jasho linamwagika mpaka kwenye visigino, ukimwuliza atakwambia alitembea. Anaweza kuapa, na ataapa kwa moyo safi. Anatupa goti mbele laini, mabega hayapandi wala hayashuki, mgonjwa halii. Kwao huko ndiko kutembea. Lakini mtu mwingine yeyote akitaka kuwa nao sambamba lazima akimbie, na Mukamusoni aliyekimbia hakuulizwa na mtu, kwa kuwa yeye alikuwa nyuma tu na furushi.

Bwana Faradji anayajua haya. Amezaliwa hapa. Babu yake alibebwa kwa ingobyi, na yeye mwenyewe alibebwa mwaka juzi alipovunjika mguu kule Rugerero kwa kuanguka kwenye ngazi ya msichana fulani. Si mjinga. Ningependa awe mjinga. Alitafuta njiani watu walio wepesi kuliko wote na wenye kiburi cha kukana kwamba wanakimbia, akajificha nyuma yao, watu wanne wenye mgonjwa begani, ili mgeni wake asipige miayo.

Sajini ameniuliza kama nina ugomvi na mwajiri wangu. Sina. Mshahara wangu nimelipwa. Ameniuliza kama namchukia. Nimejibu kwamba namwogopa. Ameniuliza kama namdharau. Nimeomba swali hilo lisiandikwe, naye ameliandika. Basi nijibu. Nilipokuwa shuleni tulifundishwa kwamba dhambi kubwa zinafanywa na watu wakubwa. Nilimtazama Bwana Faradji gatini akiwa ameshika kofia kwapani ili isilowe, mbele ya maiti ya mwanamke, na sikuona kitu chochote kikubwa.

Sajini ameniambia kwamba Sebahire atapelekwa gerezani Ruhengeri kesho kutwa kwa kosa la kujaza mtumbwi na kukatiza mbele ya motaboti, kama hakuna shahidi mwingine. Mimi ni shahidi mwingine. Hakujaza na hakukatiza. Alisimama mahali ambapo mtu anaweza kusimama salama ikiwa chombo kinachokuja kinatembea.

Niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio yangu yameishia hapo. Nimesomewa yote kwa Kiswahili, taratibu. Nimesahihisha maneno mawili, na moja limekataliwa kusahihishwa. Natia saini nikiwa na akili timamu.

(Saini) Twagirimana A.

MANENO YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi mwenyewe kama yalivyosemwa. Shahidi ametia saini mwenyewe mbele yangu. Bwana Faradji aligonga mlango mara tatu wakati wa mahojiano kuuliza kama kijana wake amekwisha. Nilimjibu kwamba si kijana wake, ni shahidi wangu.

Shahidi ameomba asirudi kwa gari la mwajiri wake. Ametolewa kwa mlango wa jikoni na atalala kwa katekista mpaka shauri liishe. Askari ametumwa kuchukua vitu vyake vilivyomo chumbani.

Mukamusoni ameitwa kutoa maelezo.

Wabebaji wanne wameulizwa tena. Wamerudia kwamba walitembea. Wamekubali kwa furaha kuonyesha walivyotembea.

Kwa hiyo naamuru: Sebahire asiondolewe Gisenyi. Kesho Jumanne tarehe 12 Juni, saa mbili asubuhi, wabebaji watabeba ingobyi yao, na ndani yake mtu mzima, kutoka kwenye jiwe la chokaa hadi gatini Rubona, wakiimba kama walivyoimba. Bwana Faradji bin Selemani atakwenda sambamba nao kwa miguu, akiwa amevaa kofia yake, mbele yangu na mbele ya watu wa Mukankusi. Mguu wake umepona, nimemwona akipanda ngazi za kituo. Hana ruhusa ya kukimbia.

(Saini) Ntawukuriryayo, Sajini
Gisenyi, 11 Juni 1956