Swali la Tisa

Jumanne, 4 Machi

Nimechemsha maji. Nimempa mume wangu Laurian vidonge vyake viwili vya presha. Kisha nimevificha kwenye kopo la majani ya chai, juu kabisa ya kabati. Leo wakala wa bima analeta kadi. Asivione.

Amefika saa nne. Mtu wa makamo, mpole, anatoka jasho. Ameisifu nyumba. Amesema mgeni akinunua nyumba huku Uganda bila bima, siku akiugua ataiuza. Kadi yetu ya wastaafu wa Tanzania haina kazi ng'ambo hii ya mto wa mpaka. Hilo tulilijua kabla ya kuhama. Laurian ameipokea kadi mpya kwa mikono miwili.

Fomu niliijaza mimi, mwezi uliopita, tukiwa bado Nyaishozi, upande wa Tanzania. Swali la tisa: je, mwombaji ana ugonjwa wa kudumu? Nikaandika Hapana. Wakala alikuwa amenidokeza kwenye simu kwamba mwenye presha husubiri mwaka mzima kabla bima haijamlipia ugonjwa huo. Laurian alitia sahihi bila miwani. Nilimwonyesha mahali kwa kidole.

Nimefundisha miaka thelathini na moja. Watoto waliodanganya kwenye mtihani niliwachapa.

Ijumaa, 7 Machi

Laurian ana furaha. Lazima niliandike na hilo. Hapa ndipo kwao mama yake, na tangu tuoane alitaka kuzeekea huku. Ardhi si yetu, mgeni anapangishwa tu kwa miaka. Ila nyumba ni yetu. Asubuhi anatembea, anasalimia watu kwa lugha ya mama yake, anarudi anacheka peke yake. Koleta, dada yake, anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa. Ni yeye aliyetutafutia muuzaji. Wifi mwema kuliko ninavyostahili.

Sikula mchana. Nikifumba macho naiona ile H ya Hapana. Mwandiko wangu, wa ubaoni, mzuri.

Alhamisi, 13 Machi

Kichwa kinamuuma tangu jana. Nikasema twende hospitali. Amevaa hadi viatu. Ndipo nikakumbuka: wakimpima presha wataandika, na kampuni itaona. Nikamwambia ni jua tu, avue, alale.

Akavua. Ananiamini.

Ijumaa, 14 Machi

Kichwa kimetulia. Nimemshukuru Mungu kwa sauti, nikaona aibu.

Jumamosi, 22 Machi

Vidonge vimebaki vinne. Vingine vipo Nyaishozi, tunachukua kwa kadi ya kule. Dukani hapa wanataka cheti cha daktari, na cheti siwezi kukiomba. Nitavuka Jumatatu. Mpaka hapo nampa kimoja kimoja. Sikumwambia.

Jumatano, 26 Machi

Naandika nikiwa hospitalini, upande wetu wa Tanzania. Siku mbili sikushika kalamu.

Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa nafunga kitenge niende kupanda gari. Nikasikia ndoo inaanguka bombani. Laurian alikuwa chini, mdomo umekwenda upande. Alikuwa ananitazama. Koleta akapata gari. Hospitali ya pale wakampokea vizuri, wakamtundikia dripu, wakasema apelekwe hospitali kubwa apigwe picha ya kichwa. Haraka. Ila kwanza kampuni ya bima ikubali.

Dada wa mapokezi alikuwa na simu sikioni.

“Mama, wanauliza, presha ilimwanza lini?”

Nikaanza kutafuta kitu kwenye mkoba.

“Mama?”

Nikasema ni kitu cha juzi tu. Koleta alikuwa amesimama nyuma yangu, hajui lolote. Akasema kwa wema wake wote: “Hapana wifi, umechanganyikiwa. Ana miaka kumi na miwili nayo. Dawa anameza kila siku.”

Dada akayarudia hayo kwenye simu. Kisha tukaambiwa tusubiri. Tulisubiri hadi saa nane mchana. Jibu likaja: fomu ina uwongo, bima imefutwa.

Fedha za kumpeleka hatukuwa nazo. Zote zilikuwa kwenye ile nyumba. Tukarudi kwetu, ambako kadi ingemfaa. Darajani Murongo, mpakani, nilimshika kichwa kwenye mapaja yangu. Alikuwa mzito kama mtu aliyelala, lakini macho yalikuwa wazi.

Daktari wa hapa hakunilaumu. Alisema tu, “Mama, mmechelewa kidogo.”

Jumamosi, 29 Machi

Mkono wa kulia haupo. Mguu wa kulia haupo. Namaanisha vipo, ila havimsikii. Maneno yote yamekwenda isipokuwa moja. Leo asubuhi nimemuuliza kama anataka maji.

“Hapana,” akasema.

Nikafurahi, kwamba ameongea. Nikauliza kama ana maumivu. Hapana. Kama ananijua mimi ni nani. Hapana. Akawa analia. Akakishika kikombe cha maji kwa mkono wa kushoto, akanywa chote.

Mtaalamu wa mazoezi amenieleza. Ubongo ukiumia hivyo, wengine hubakiwa na neno moja, na halina maana yake ya kawaida. Linatoka tu. Nisihuzunike.

Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Kati ya maneno yote ya Kiswahili na ya Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, limebaki hilo.

Jumatano, 2 Aprili

Analisema akimwona nesi. Analisema akigeuzwa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wamemzoea, wanatabasamu. Mimi nalisikia hata akiwa amelala. Nalisikia bombani nikifua shuka zake. Nimeanza kuogopa kuingia wodini. Nasimama mlangoni kwanza, kama mwanafunzi aliyechelewa.

Ijumaa, 4 Aprili

Koleta amevuka kuja kumwona kaka yake. Amekonda. Alipiga magoti kando ya kitanda, akashika mguu wa Laurian uliokufa ganzi, akasema, “Kaka nisamehe. Mdomo wangu ndio uliokuponza.” Kisha akanigeukia. Akasema hapati usingizi. Anadhani alikosea miaka, kwamba ile kumi na miwili aliyotaja ndiyo haikulingana na fomu, kampuni ikakataa.

Nilipaswa kusema pale pale. Nilimshika bega, nikamwambia usijali wifi. Nikamwacha aende nalo ng'ambo ya mto.

Hili ni baya kuliko la fomu.

Jumatano, 9 Aprili

Nimempigia Koleta aje. Amekuja. Nimesema mbele ya Laurian, kwa sababu nikimtoa Koleta nje singeweza kusema tena. Swali la tisa. Siku ya kichwa. Vidonge kimoja kimoja. Sikulia, maana kulia kungekuwa kuomba huruma.

Koleta alisikiliza hadi mwisho. Akauliza swali moja: “Ijumaa nilipopiga magoti, ulikuwa unajua?”

Nikasema nilikuwa najua.

Akachukua mkoba wake. Akambusu kaka yake kwenye paji la uso. Hakuniaga.

Laurian hakusema neno, hata lile lake. Aligeuza uso ukutani. Kwa nguvu zake mwenyewe. Mtaalamu angefurahi.

Ijumaa, 11 Aprili

Hataki kula mkononi mwangu. Kijiko nikikileta, anafunga mdomo. Nesi akikileta anakula. Nesi anadhani ni ugonjwa.

Jumamosi, 19 Aprili

Wameturuhusu. Tuko Nyaishozi, kwenye nyumba ya zamani. Mpangaji tuliyempa tulipohama ametuachia vyumba viwili. Migombani kumeota magugu. Ile nyumba ya ng'ambo imefungwa, ufunguo anao Koleta. Nimemtumia ujumbe kwamba tumefika salama. Ameusoma.

Jirani anakuja mchana kumlisha Laurian. Namwambia mikono yangu inatetemeka.

Jumanne, 22 Aprili

Jirani hakuja, ana msiba Igurwa. Nilikoroga uji wa ulezi, nikaupooza, nikakaa. Sikumwomba. Niliweka kikombe mahali ambapo mkono wake wa kushoto unafika, nikageuka kufunga dirisha, kwa kuwa mvua ilikuwa inaingia.

Nilipogeuka alikuwa amekishika, lakini kinatikisika, uji unamwagikia shati. Akakisogeza upande wangu. Nikakishika kwa chini. Tukakishika hivyo wote wawili hadi ukaisha.

Sijui kama ni msamaha au ni njaa. Nimemfuta kidevu. Nimembadilisha shati. Sasa amelala, na mvua bado inanyesha.