Mate Yako kwenye Paji la Mado

Mama yangu mpendwa,

Jua likikaribia kuzama hapa mtaani Katuba, kabla mbu wa kwanza hajalia, mwanangu Mado huanza kujikuna mkono. Hakuna kitu, Mama, nimeangalia kwa taa. Kisha mbu anakuja, anauma palepale, panavimba kama yai.

Unakumbuka kule Kasenga, ukipaa samaki kando ya mto Luapula? Mbu walitua mikononi mwako, wakanywa, wakaenda, ngozi yako ikabaki laini. Nilipokuuliza, ulicheka: "Siye na bo, hawa mbu, tulishazoeana."

Na unakumbuka ulivyomshika Mado, angali mtoto wa maziwa? Ulilowesha kidole kwa mate, ukampaka kwenye paji la uso kama wazee wetu wanavyobariki, ukanong'ona: "Ukuwe na nguvu, ubakie na bantu." Maneno hayo, ubaki na watu, niliyasikia mimi peke yangu, na sijawahi kumwambia mtu. Baada ya hapo Mungu akakuita.

Sasa jirani yangu Mama Béa, niliyemsimulia habari ya mate tu, amesema mbele ya kikundi chake cha sala: "Ile mate ya kambo yake, nyanya yake, njo iko inamukula mutoto! Utoe foto yake ku ukuta, dada yangu. Siku ya yenga, Jumapili, tunakuja kuichoma." Wamekuita mulozi, mchawi, Mama. Wewe!

Nilimpeleka Mado zahanati. Muuguzi alicheka.

"Ni mate, ndiyo, lakini ya mbu! Kama anauma, anatemaka mu ngozi, ili damu isikauke. Mu ile mate muko maproteine. Mwili ya mutoto inaikumbuka, inakasirika, inavimba. Akikomala, itazoea."

"Mwili inakumbukaka mate?"

"Mwili haisahau, mama."

Nilirudi nikimshukuru Bwana, nikafunga chandarua vizuri. Jana jioni nilipiga magoti na rozari mbele ya foto yako, niombe nguvu ya kuwazuia wale watu. Mado akaja taratibu. Akalowesha kidole mdomoni, akanipaka pajini.

"Ukuwe na nguvu, ubakie na bantu."

Nikamshika mabega. "Nani alikufundisha?"

Alikuwa anakuangalia wewe ukutani, anajikuna mkono.

Foto haitoki, Mama. Wakija, watanikuta mlangoni. Sina tena woga wa watu hao. Nilicho nacho ni kitu kingine, ambacho bado sijathubutu kumweleza hata padri. Tangu jana ninajifuta kwa kitambaa, na paji langu halikauki.

Pumzika kwa Bwana, na utuangalie kwa upole.

Binti yako,
mama ya Mado