Simiti Imefika Kavu, Kaka Gibson

Kwa Fanuel Mwandawiro,
Sagalla,
Posta ya Voi.

16 Desemba 1956

Mpendwa Kaka Gibson,

Pokea salamu zetu nyingi kutoka huku mlimani. Hujambo wewe? Wifi yangu Dinah hajambo? Na watoto, wanaendeleaje na mvua za huko Kampala? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Mama hajambo kabisa, na goti lake linazidi kupata nafuu. Fanuel naye jicho limefunguka. Habari ya jicho utaipata huko mbele. Picha ya watoto ilifika salama na Mama ameibandika karibu na kitanda chake.

Nimeketi kuandika mara tu baada ya ibada, hata kitambaa cha kichwa sijavua, maana nikichelewa furaha hii itanipasua. Kaka, tangi la kanisa limejaa! Limejaa mpaka maji yanamwagika juu, na sisi tumesimama tunayatazama kama wajinga!

Sasa ngoja nikueleze tangu mwanzo.

Uliandika Septemba kwamba tangu Mama alipoteleza na debe mgongoni kwenye njia ya chemchemi, huna amani, na kwamba Krismasi utakuja kumchukua akae nanyi Kampala, ila kama ataacha kuteremka kule bondeni. Nilimsomea barua yako neno kwa neno. Alichukua debe lake akateremka. Wewe unamjua, na unajua pia kwamba Mama akiondolewa Sagalla hatakuwa Mama tena. Basi tumaini langu lote likawa kwenye tangi. Sisi akina mama wa kanisa tulikuwa tumekwisha kubeba mawe tangu Juni, ili tukinge maji ya bati la kanisa, hatua thelathini tu kutoka mlangoni kwa Mama. Ilibaki simiti. Na simiti inatoka Voi, na gari lililokuwa karibu ni pikapu ya mume wangu.

Unaikumbuka hiyo pikapu. Ulipokuja Pasaka ulikiona kile kibanda cha mbao na bati ambacho Fanuel alikijenga kwa mikono yake kufunika nyuma, ukasema ni kizimba cha kuku. Nilikasirika siku ile. Sasa nakiri ulikuwa na haki, lakini usijivune sana.

Mwezi wa Oktoba alileta mifuko sita. Njiani palikuwa na manyunyu tu, wala si mvua ya kutajwa. Tukashusha, tukaimba, tukaenda zetu. Kufika Alhamisi mifuko minne ilikuwa imegeuka mawe. Ukiigonga kwa panga inalia. Kaka, watu waliuza kuku wao wa mwisho kwa ajili ya simiti ile! Mama Risper, mwenyekiti wetu, alimtazama Fanuel tu, na afadhali angemtukana. Fanuel hakula siku mbili. Mimi nilisema ya kutosha kwa niaba ya wote.

Ndipo Mjomba Obadiah akaja na dawa yake. Mjomba alisema mizinga yake ina miaka ishirini porini na haijapata kuvuja, kwa nini? Nta. Nasi tukaona ni maneno ya hekima. Tukayeyusha nta chungu kizima, tukaziba kila tundu la msumari na kila mwanya wa bati, kibanda kikang'aa kama kiatu cha mchungaji. Fanuel akateremka Voi kununua simiti nyingine, akaegesha pikapu karibu na stesheni, kwenye lile jua la Voi unalolijua.

Hakuna aliyekumbuka kwamba mzinga hukaa kivulini. Kufika saa nne nta inatiririka ubavuni mwa gari, na harufu ya asali imeenea mpaka kwenye behewa. Nyuki wakaja. Kaka, walikuja kama walioalikwa arusi! Wauza mayai wakakimbia, abiria wakajifungia, na Fanuel akakaa ndani ya pikapu, vioo juu, mpaka saa tisa alasiri. Alirudi bila simiti, jicho moja limefumba. Mjomba hakumpa hata pole. Aliuliza kwanza kama malkia wao yumo. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliziba ufa tukajenga mzinga.

Hapo nikasema basi, sasa nitalitafuta tundu mimi mwenyewe. Lakini utatafutaje mahali panapovuja bila maji? Unajua kwetu mtu akimwaga maji safi chini anaweza kuitiwa wazee. Kwa hiyo nilipita nyumba kwa nyumba nikaomba maji machafu. Siku tatu hakuna aliyemwagia migomba maji ya kufulia wala ya kuoshea vyungu. Siku ya nne walikuja kila mtu na debe lake la povu. Mimi nikaingia kibandani, nikanyunyiza majivu ya mekoni kila mahali, sakafuni na juu ya mbao, ili tone likianguka nione doa lake. Nikafungiwa ndani, wao wakamwaga.

Matone mawili tu! Fanuel akaanza kushangilia huko nje. Nikampigia kelele kutoka ndani, "Wewe, njia ya Sagalla ni tambarare? Weka gari kwenye mlima, pua juu, vile linavyopanda!" Wakalisukuma mpaka kwenye mteremko, wakamwaga tena. Loo!

Maji hayakuwa yakipita kwenye misumari hata kidogo. Yalikuwa yakiingia kule mbele, kibanda kinapokutana na chumba cha dereva, halafu yanatembea kimya kimya chini ya boriti mpaka katikati, yanadondoka pale penye msumari. Msumari wa watu tumeuonea bure! Na ubavuni, mbao zinapokalia chuma cha pikapu, palikuwa na mwanya wa kupitisha kidole, kwa sababu Fanuel alifunga kibanda kwa waya. Niliyafuata yale madoa kwenye majivu kama mtu anayefuata nyayo za mbuzi aliyepotea, nikapiga alama kwa mkaa kila mahali.

Fundi Maundu, yule Mkamba anayefua bati pale Voi, alipopanda huku na kuziona alama zangu alicheka, kisha akaacha kucheka akaanza kazi. Watu wanane waliinua kibanda. Akakata tyubu kuukuu za lori, akazilaza pande zote, kwenye pembe akazikunja mara mbili, tukakishusha kibanda juu yake na kukikaza kwa boliti. Mbele akakunja kipande cha bati kama upenu mdogo, kutupa maji nje. Tukajaribu tena, pua juu, pua chini. Majivu hayakupata doa hata moja. Nilitoka humo kichwa cheupe kama bibi wa miaka tisini, napiga vigelegele.

Ila debe la povu si mvua, na nilijua hivyo. Jumanne ya tarehe 20 Novemba Fanuel alikwenda kuchukua mifuko kumi, ya mwisho tuliyoweza kupata. Saa nne mvua ikashuka. Si manyunyu, Kaka, mvua ya kufunga macho. Tulisimama upenuni mwa kanisa, akina mama wote. Mama alikaa kwenye jiwe na debe lake tupu miguuni. Saa saba, hakuna gari. Saa tisa tukasikia limekwama konani, tukateremka kulisukuma kwenye tope mpaka viunoni. Lilipofika uwanjani Fanuel hakushuka. Aliniambia, "Fungua wewe. Mimi naogopa."

Nikapanda. Nikabonyeza mfuko wa kwanza, ukabonyea. Nikachana pembe kidogo, simiti ikamwagika kiganjani kama unga, vumbi likanipanda puani nikapiga chafya, na huku nalia. Yote kumi, Kaka! Yote kumi ilikuwa kavu!

Tangi likajengwa, likapigwa lipu, likaachwa likauke vizuri, na Jumapili iliyopita mvua ilinyesha kutwa, likajaa.

Jumatatu alfajiri nilimwona Mama anatoka na debe lake, anashika njia ya bondeni kama siku zote. Akapita migomba, akasimama. Akacheka peke yake, akageuka. Jua lilipochomoza alikuwa amekwisha kuchota na kumaliza kazi zake zote, akanijia mlangoni akaniuliza, "Sasa asubuhi mtu hufanya nini?" Nikamwambia akae. Akakaa.

Kwa hiyo Kaka, njoo Krismasi, tena uje na Dinah na watoto, lakini tiketi ya kurudi usimkatie Mama. Msalimie Ambrose mwana wa shangazi. Mwanangu Penina anawasalimu, Fanuel pia, na Mjomba Obadiah anasema bado ana nta. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake na awafungulie njia ya kuja nyumbani.

Mama amekaa hapa pembeni, anasema nikuandikie maneno yake bila kupunguza. Unakumbuka tulivyokuwa tukioga maji ya karai moja, wewe kwanza, mimi wa mwisho, maji yakiwa yamekuwa rangi ya chai? Anasema hivi: "Mwambie Gibson, akija nitamwekea debe zima. Aoge, alimalize, asimwachie mtu."

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Wakio