Mafuta Meupe ya Ponti ya Nyuma

Mujukuu wangu Furaha,

Hapa Kalemie tuko wazima. Mama yako anakusalimia sana. Unauliza kwa nini mafuta ya ponti ya nyuma ya kamio unayotengeneza, pale gia zinapozungusha magurudumu, yametoka meupe kama chai ya maziwa.

Nilipokuwa fundi kijana niliyaona mafuta kama hayo kwenye kamio ya tajiri wetu. Tajiri alitaka kumufukuza dereva, Papa Kasongo, akidhani ametia mafuta ya bandia. Mimi nikamuuliza dereva alipita wapi.

"Njia ya Bendera. Ponti ilikuwa ya moto, nikaingia mutoni."

Basi nikaelewa: ponti ya moto ikipoa ghafla majini, hewa ya ndani hujikunja na kuvuta maji, nayo maji yakichanganyika na mafuta huyageuza meupe. Nilimweleza tajiri, tukabadilisha mafuta, Papa Kasongo akabaki kazini.

Muulize dereva wa kamio hiyo kama naye aliingia mutoni ponti ikiwa ya moto, kisha uniandikie. Ninatamani kujua ni muto gani.

Babu yako